Mkandaji na Bega la Mwalimu wa Kwaya

Na itangazwe kuanzia Njombe mjini mpaka stendi ya Makambako: elimu ya kukanda misuli ina matawi manne, na mwalimu wa kwaya Ebeneza ameyasoma yote kwenye simu. Bega la kulia limemgomea, mkono haupandi, na Jumapili kuna mashindano. Asipopona ataongoza kwaya kwa nyusi. Mkandaji anamsikiliza huku akipasha viganja juu ya jiko la mkaa, kama afanyavyo kwa kila mgonjwa, maana baridi ya huku haina adabu. Vidole vyake ni vifupi, vinene, vinang'aa mafuta ya parachichi. Haulizi panapouma. Kidole gumba kinajitembelea mgongoni, kinasimama, naye anasema kwa sauti ya chini, "Hapa," huku akitazama malori dirishani kana kwamba bega halimhusu.

"Kuna aina ya Kiswidi, mama, ile ya taratibu," Ebeneza anafundisha akiwa kifudifudi, "halafu kuna ya kina, ambayo..." Kiwiko kinashuka. Mwalimu anatoa noti ya juu ambayo soprano wake wameitafuta tangu Januari. "Pumua, mwalimu." Kisha mkandaji anamkalisha, anaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, anafumba macho, anaupandisha polepole mpaka unapita sikio. Ebeneza anaushusha, anaupandisha mwenyewe, machozi yanamlengalenga.

"Mama, sasa hii ni aina gani, nikawaeleze wenzangu?"

"Ya kukanda. Vaa shati."