Kiganja cha Mama Kwenye Chungu cha Mbegu

Rafiki yangu, sogeza kigoda ukae karibu, maana jambo hili nimelisema kwa watu wa nyumbani tu, na wewe nakuhesabu wa nyumbani. Ukiingia jikoni kwangu mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, utakutana na harufu ya majivu yaliyochekechwa. Ni harufu kavu, inakaa puani kama vumbi la chaki, na kwa chini yake kuna harufu nyingine ya maharage yaliyokaa muda mrefu gizani. Wengine wakinusa majivu wanakumbuka moto. Mimi namkumbuka mama, naikumbuka na ndege ambayo sikuwahi kuiona, na mistari ya mahindi iliyosimama shambani bila kitu katikati.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Mafinga, upande unaoelekea msitu wa paini. Baba yangu, Mhehe wa hukohuko Mufindi, alikuwa fundi seremala, na kwa hiyo utoto wangu wote ulinukia mbao. Pumba za mbao zilikuwa kwenye nywele zetu na kwenye mashuka, na zilikuwa pia kwenye jiko la mama, maana tulipikia hizohizo. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mwembamba, anayecheka kwa kufunika mdomo. Nyumbani kwetu mahindi yalikuwa ya baba na maharage yalikuwa ya mama. Baba alipanda mistari yake, mama akapita katikati na maharage yake, na wala hawakuulizana. Akishavuna, mama alichagua mbegu moja moja kama mtu anayechagua maneno ya kusema mbele ya mchungaji. Halafu alichekecha majivu ya jikoni mpaka yakawa laini kama unga wa ngano, akayachanganya na mbegu, akajaza chungu, akafunika kwa jani la mgomba na kuziba mdomo kwa udongo mbichi. Udongo ukiwa bado laini, aliukandamiza kwa kiganja chake. Alama ya mkono ilibaki pale, vidole vyote vitano, mpaka msimu wa kupanda. Nilimuuliza kwa nini majivu. Akasema, "Majivu yanakataza mdudu. Kilicholala kwenye majivu hakiozi, kinangoja tu."

Na kuhusu kile kiganja, bibi yangu mzaa mama alinifundisha mapema. Kwa akina mama wa ukoo wao, mkono uliofunga ndio unaofungua. Ukiona chungu cha mbegu kimefunguliwa na mkono mwingine, basi jua mwenye mkono wa kwanza hayupo tena duniani. Siyo sheria iliyoandikwa mahali. Ni kitu walichokuwa wanakijua, kama mtu anavyojua kutopita juu ya miguu ya mkubwa wake.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akipanda kale kamlima ka kutoka kisimani alikuwa anakaa njiani, anajifanya anafunga kanga vizuri, kumbe anatafuta pumzi. Nilipokuwa darasa la nne, madaktari walisema moyo ule hauwezi kutengenezwa hapa nchini, aende India. Mjomba ndiye aliyemsindikiza. Mahali pa kufikia alipatafuta Mzee Hasmuki, mwenye duka la misumari na rangi mjini, ambaye baba alikuwa mteja wake tangu hajaoa. Dada yake alikaa mji uleule wenye hospitali. Mzee Hasmuki alisema, "Fundi, usiwe na wasiwasi. Kwa dada yangu atakula dengu mpaka anenepe, akirudi hutamjua." Siku moja kabla ya safari, mama aliketi jikoni akafunga mbegu zake. Alipokandamiza kiganja, alituangalia mimi na mdogo wangu Lukelo akasema, "Mvua ya kwanza itanikuta hapa. Nitafungua mwenyewe."

Bibi alikuja kutoka Rungwe kutulea, amepanda lori linalopitia Chimala, na mkungu wake wa ndizi mapajani. Sasa, mkwe na mama mkwe kwetu wanaheshimiana sana. Bibi hakuwa anasema na baba uso kwa uso, hata wakiwa chumba kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa daraja. "Atupele, mwambie baba yako chai imeiva." Nami nageuka, "Baba, chai imeiva." Baba anajibu akiwa anatazama dirisha, "Mwambie bibi yako nimesikia." "Bibi, amesikia." Lukelo, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. "Kwani bibi hana masikio?" Bibi anamtishia mwiko, lakini na yeye anacheka.

Habari zilikuja kwa simu ya Mzee Hasmuki. Madaktari wa India walimpima mama, wakampima tena, wakasema moyo umechoka kupita uwezo wa mkono wao. Wakamuuliza anataka nini. Akasema anataka kwenda nyumbani kwa watoto wake. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Siku ya kusafiri ikapangwa, baba akapaka chokaa ukuta wa chumba, bibi akaning'iniza mkungu uive taratibu. Baba alinunua na blanketi jipya, jekundu, kwa sababu alijua mama atasikia baridi ya Mafinga baada ya joto la kule.

Ndipo mlima mmoja ulipolipuka. Si mlima wetu. Ni mlima wa moto wa nchi ya mbali huko kaskazini, ambao hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua hata jina lake. Redio ilisema umetema majivu, upepo umeyabeba mpaka juu ya bahari iliyo kati yetu na India, na ndege zote zimezuiwa. Mjomba na mama walikuwa wameshafika uwanjani. Walikaa kwenye mabenchi hadi wakarudishwa walikotoka, wakaambiwa wasubiri anga isafike. Mzee Hasmuki alikuja mwenyewe nyumbani kutueleza, kofia mkononi. Baba alikuwa na randa. Alisimama nayo hivyohivyo, akauliza, "Majivu? Majivu haya haya?" Akaonyesha jiko. Mzee Hasmuki akainua mabega. "Fundi, ndivyo wanavyosema. Ndege ikiingia ndani yake, inaanguka." Lukelo akadakia, "Si wayafagie?" Baba alicheka, kicheko kifupi, halafu akatoka nje, na tulisikia randa yake ikiendelea kwenye ubao mpaka ubao ukawa mwembamba haufai tena.

Nilianza kuomba. Jumapili kanisani watu wote walimwombea mama, lakini mimi nilikuwa na sala yangu ya siri. Nilimwomba Mungu alete mvua kubwa ioshe yale majivu. Na Mungu akaleta mvua, ila aliileta Mafinga. Ilipiga mabati usiku na mchana, udongo ukanukia utamu, watu wakatoka na majembe. Kule kati ya mama na sisi, majivu yalibaki palepale.

Baba alipanda mahindi yake. Yakaota. Majirani wakapanda na maharage, kwetu katikati ya mistari udongo ukabaki mtupu. Mama Sikujua, jirani yetu, mtani wa baba wa siku nyingi, alisimama ukingoni mwa shamba akasema kwa sauti, "Shemeji! Maharage yako naona umeyapanda kwa imani, maana kwa macho siyaoni!" Baba akajibu, "Mwenyewe yuko njiani." Mama Sikujua akarudi kwake. Jioni akaleta mbegu zake kwenye ungo, tuazime. Bibi alipokea ungo kwa mikono miwili, akashukuru, akaurudisha ukiwa na mbegu zote. "Ukiazima mbegu na yako iko ndani," aliniambia baadaye, "umesema mwenye nyumba hayupo."

Halafu ikaja ile simu. Mzee Hasmuki alimtuma mfanyakazi wake mbio, baba akanishika mkono tukakimbia mimi na yeye mpaka dukani. Sauti ya mama ilikuwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Baba aliongea kidogo, akashindwa, akanipa mimi.

"Atupele, mvua imenyesha?"

"Imenyesha, mama."

"Maharage yameota?"

"Bado hatujapanda. Tunakungoja."

Nilisikia pumzi yake, ile ya kamlima ka kisimani. Akasema, "Mwambie bibi yako afungue chungu. Mpande. Umesikia mwanangu? Mpande, mniambie yameota."

Nilifikisha ujumbe kama nilivyozoea kufikisha ujumbe. Bibi aliusikiliza wote. Akaenda kukitazama chungu kwenye kona ya jikoni, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, kwa uangalifu, asiguse kile kiganja. "Mwambie baba yako," alisema, "mimi mwanangu simziki akiwa anaongea." Baba naye akasema, "Mwambie bibi yako ndivyo na mimi ninavyoona." Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wamekubaliana haraka hivyo. Na mimi nilifurahi. Niliona tumemshinda yule mlima. Maadamu kile kiganja kiko pale, mama yuko hai, na aliye hai atafika. Mvua ikaendelea, mahindi yakanifika magotini, baba akawa anasikiliza redio kila taarifa ya habari, na kila mara ni yaleyale, mlima bado unatema, anga haijafunguka.

Siku moja nilitoka shule mchana. Nilipokata kona nilimwona Mama Sikujua kwetu, anafagia uwanja ambao si wake. Sikusalimia. Niliingia moja kwa moja jikoni. Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, chungu kikiwa katikati. Udongo wa mdomo ulikuwa umevunjika vipande vitatu, na majivu yalikuwa yamemwagika kwenye ungo, meupe, na maharage mekundu yakichungulia. Sikuhitaji kuambiwa. Baba alisimama mlangoni na jembe, hajui aliweke wapi. Nilisubiri bibi aseme "mwambie baba yako." Nilikuwa tayari. Lakini bibi aliinua uso akamtazama baba machoni, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, akasema, "Mwanangu, njoo ukae hapa." Na baba, mwanaume mzima, akaja akakaa kwenye majivu karibu yake.

Mama alifariki kwenye chumba cha wageni cha dada yake Mzee Hasmuki, mizigo yake ikiwa imefungwa. Mjomba alisema baadaye kwamba kila asubuhi alikuwa anauliza mambo mawili, kama ndege zinaruka, na kama nyumbani wamepiga simu kusema maharage yameota. Anga ilipofunguka, ndege ikamleta. Tulimzika na lile blanketi jekundu. Siku matanga yalipoisha, bibi alipanda zile mbegu, ingawa zilikuwa zimechelewa na kila mtu alijua. Ziliota. Hakuna hata moja iliyokuwa imeoza. Maua yalipotoka, mvua ikakata, tukavuna majani.

Mimi nilimaliza la saba nikabaki nyumbani kumlea Lukelo. Shule niliirudia ukubwani, madarasa ya jioni pale Iringa mjini, watoto wangu wakiwa wamelala kwa jirani. Usiku mmoja mwalimu wa jiografia alitueleza kwamba majivu ya mlima si ya jikoni. Ni mawe yaliyosagwa, yakiingia kwenye injini yanayeyuka kama kioo na kuiziba. Akasema pia udongo wa Rungwe unastawisha hivi kwa sababu nao ni majivu ya milima ya zamani. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo ndani yangu naulizana na Mungu kwa nini hakuyafagia. Sala sikuacha hata siku moja, na sitaacha, lakini swali hilo nilikuwa nalo mfukoni kila nilipopiga magoti. Ninalo bado. Nimezoea kupiga magoti nalo.

Siku hizi mambo ni mengine. Juzijuzi televisheni ilionyesha tena wingu la majivu limezuia ndege, abiria wanawafokea wahudumu. Binti yangu alinionyesha kwenye simu jinsi ndege zinavyolizunguka wingu, kila moja na alama yake. Leo mama angetuona usoni. Tungemwelekezea simu shambani, akaona. Lakini nakwambia kweli rafiki yangu, kilichotushinda sisi si simu. Simu ilifika. Mama alijua kuliko sisi kwamba hafiki, na aliomba kitu kimoja tu ambacho kiliwezekana, asikie yameota. Sisi kwa kumpenda tukamnyima. Majivu ya angani yalimzuia kuja, na sisi tukazuia na ile habari ndogo isimfikie.

Kipande kimoja cha ule udongo ninacho, chenye alama ya dole gumba. Nikiweka langu juu yake linazidi pembeni. Nimeshampita umri. Kila mwaka bado nafunga mbegu kwenye majivu na kukandamiza kiganja, ila mvua ikija namwita binti yangu, namkabidhi kisu, avunje yeye, mimi nikiwa nimesimama palepale nikimwangalia, mzima wa afya. Mwaka wa kwanza alilia, akasema, "Mama, unajichuria kifo." Nikamwambia, "Vunja, mwanangu. Kisha uniambie yakiota."

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kuna mtu unamjua ana mgonjwa aliye mbali, na njia imefungwa. Nenda kamwambie habari za mama yangu. Mwambie asikilize anachoombwa, na akifanye mgonjwa akiwa bado anauliza.