Gogo la Tatu

Daraja letu la kwenda Titye ni la magogo, na la tatu lilioza tangu masika. Msituone wabaya. Kila aliyevuka alimwonya aliyekuja: "Mwakeye, mama. Gogo la tatu usilikanyage." Ikawa ndiyo salamu yetu.

Wiki iliyopita mama mmoja muuza mawese alikuwa anavuka, ndoo kichwani, anawahi soko la Kasulu. Sisi tuliokuwa ng'ambo tukamwonya kwa pamoja kama kwaya. Akainua uso atusikilize, mguu ukatua palepale. Hakuumia, ila mtaji wake wote ukaenda na maji, mwekundu, tukiuangalia.

Mzee mmoja akafunga mikono kifuani. "Si uliambiwa, mama?"

Yule mama akakamua kanga yake taratibu. "Niliambiwa, baba. Kila siku naambiwa. Na nyote mna mapanga nyumbani."

Mimi nikainama kutengeneza ndara ambayo haikuwa imekatika.

Kesho yake akarudi na mumewe, wamebeba gogo la mkaratusi. Walilitandika wawili tu. Sisi tulisimama kando tukiwaelekeza: "Sukuma kushoto kidogo." Kuelekeza tunakujua.

Basi daraja likapona, na sisi tukawa tunapitana pale kimya, hatuna la kuambiana. Mpaka jana, jirani yangu aliponisimamisha: "Mwakeye, bibi. Gogo la tano nalo limeanza kuoza."

Nikamshukuru sana, nikaenda kuwaonya wengine.