Mkono Uliomsikia Kuku

Mwaka ule nilikuwa na ndoto ya aproni. Nilikuwa nimewaona wasaidizi wa hospitali pale Kasongo na aproni zao nyeupe, zimepigwa pasi mpaka zikawa ngumu kama ubao, nikajiambia: siku moja, na mimi. Kusoma kwangu kulikuwa kudogo. Herufi nilizipata utotoni kwenye daftari la kaka yangu mkubwa kila alipotoka shule, hesabu sikuzipata kabisa. Lakini ndoto haiulizi mtu amefika darasa gani, na nilipoletewa mgonjwa nyumbani nilifurahi kwanza kabla ya kulia. Mungu anisamehe.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kabambare, msichana wa miaka saba hivi. Huko alishikwa na homa, homa ikapanda kichwani, degedege likamtupa siku mbili, na alipofumbua macho upande wake wa kuume ulikuwa umelala. Wakamleta Kasongo kwa kamio, lori la pamba, juu ya magunia. Daktari Mzungu alimkuna wayo kwa ufunguo, akasema maneno marefu, na muganga wa dispanseri, mtu wetu, akatufasiria kwa kifupi: homa imeunguza kitu ndani ya kichwa, mguu utarudi, mkono haurudi. Dada hakuweza kukaa. Alikuwa na kichanga mgongoni, na shamba la pamba ambalo serikali haikubali liote majani hata kama mtoto wako anakufa. Akarudi Kabambare, mtoto akabaki kwa mama yangu na mimi.

Mguu ulirudi kweli. Alitembea akiuburuta kidogo, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Mkono ulibaki umekunjwa kifuani, vidole vimefumba, kama umeficha kitu hautaki tukione.

Sasa, kwetu watoto wote hula sinia moja, na hula kwa mkono wa kuume. Wa kushoto una kazi zake, kila mtu anazijua. Mama yangu ni mtu wa huruma, lakini hapo hana mchezo: mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia ya watu. Kwa hiyo mtoto alikula peke yake nyuma ya jiko, mimi nikimlisha kwa kijiko, na kwa kuwa wali ulimdondoka mdomoni, kuku walitujaa miguuni.

Siku moja akaniuliza, "Mama mudogo, niko na kosa gani?"

"Huna kosa."

"Basi mbona ninakula na kuku?"

Nikatoa ahadi. Ndivyo nilivyo, nikishindwa kujibu ninaahidi. "Idi ikifika utakaa kwenye sinia na wenzako."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaanza kuuhesabu mwezi kuliko mashehe. Kila jioni akiniuliza, "Bado siku ngapi?" na mimi kila jioni nikigeukia sufuria.

Kila Alhamisi muganga alikuja kwa baisikeli, soksi zimevutwa mpaka magotini, akamwangalia mtoto, akatoa amri yake ileile: "Mufundishe mukono ya kushoto. Hii ya kuume iko imekufa. Mutu hafundishi maiti."

Akishaondoka, Mama anatoa yake. Alikuwa amechana kipande cha kanga kuukuu, akaufunga mkono wa kushoto wa mtoto kiunoni. "Huu mzima ukae kimya," alisema, "mpaka yule mvivu aone haya."

Nimsikie nani? Mmoja ana daktari nyuma yake, mwingine ndiye aliyenizaa. Nikawatii wote wawili. Alhamisi nikisikia kengele ya baisikeli ninafungua kitambaa haraka, ninatia kijiko kwenye mkono wa kushoto, muganga anakuta mtoto anajilisha, anafurahi. Kengele ikipotea njiani ninafunga tena. Mtoto alilia nikimfunga, na alilia nikimfungua, maana alimwogopa bibi yake. Mimi nililia baadaye, chumbani, kwa utaratibu.

Nikajaribu na njia yangu. Nilikaa mbele yake nikasema, "Inua mkono." Akauangalia mkono wake kama mtu anavyoangalia mbuzi wa jirani.

"Hausikii," akasema.

Nikasema kwa nguvu zaidi. Nikaomba. Nikaimba. Mwisho nikajaribu hata neno la Kifaransa, lile ambalo kapita, msimamizi wa kazi za barabara, huwapigia wanaume kelele, nikidhani labda mkono huu ni wa serikali. Mtoto alicheka mpaka akauangukia ule mkono. Haukuinuka.

Halafu ikaja siku ya mchele.

Nilikuwa nimeanika mchele mkekani nikiupepeta kidogo kidogo kwa ungo, mtoto amekaa pembeni, mkono wa kushoto umefungwa. Kuku mmoja mwekundu, yule mwenye jeuri, akaingia katikati ya mkeka. Mtoto akapiga kelele, "Shii!" na mkono wa kuume ukatoka kifuani, ukanyooka, ukapiga mkeka pah! Mchele ukaruka. Kuku akakimbia.

Tukatazamana.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Fanya tena."

Lakini mkono ulikuwa umesharudi mahali pake, umefumba kama zamani. "Si mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni wenyewe."

Nilimkimbiza yule kuku uwanja mzima, nikamkamata, nikamweka juu ya mchele kwa mikono yangu miwili. Kuku akala. Mtoto akamwangalia. Mkono ukalala. Kuku akaendelea kula, naye alikuwa hajawahi kukaribishwa hivyo, na ndipo Mama alipotokea mlangoni.

"Wee binti! Umeanza kuandalia kuku karamu?"

"Ni dawa, Mama."

"Ya nani? Ya kuku?"

Jioni nikaandika kwenye daftari langu: *Leo mkono umemsikia kuku. Mimi haunisikii.* Nikaisoma mara tatu na sikuielewa, na mwandishi ni mimi.

Baada ya hapo nikaanza kuuvizia. Kifuniko cha sufuria kilipoteleza, ulikidaka nusu. Mtoto wa jirani anayejifunza kutembea alipoyumba, ulimzuia. Lakini ukiuambia tu "inua," basi, kiziwi. Nilimweleza Mama, nikitegemea ashangae pamoja nami. Hakushangaa. "Hata mimi ukiniamuru siinuki," alisema. "Nikiona mchele wangu unaliwa, nitainuka hata kama nimekufa."

Yuko jirani yetu, mama mmoja Mkristo wa upande wa pili wa kijito, Muzimba kwa kabila, mtu wa mashamba, mwenye mdomo kama wa Mama. Ndiyo maana wanapendana. Yeye alisikia habari ya kuku akacheka, kisha akaja kesho yake na kikapu cha karanga. Hakumwambia mtoto kitu. Alikaa, akaanza kumenya, na kila mara akamsukumia ganda moja katikati ya vile vidole vilivyofumba. "Unishikie hii, nyanya wangu," akamwambia, maana kwao mtoto huitwa bibi kwa mapenzi. "Mie niko na mikono mbili tu."

Na mkono ukashika.

Basi mtaa mzima ukaja na kazi. Mwanamke anayesuka mkeka alimpa mwisho wa ukili auvute usilegee. Mwingine alileta uzi, mwingine bakuli la kukoroga. Uwanja wetu ukajaa akina mama wanaojidai wana haja ya mkono mmoja wa ziada, kila mmoja na shauri lake: mpake mafuta, usimpake, umsifu, usimsifu, atavimba kichwa. Kichwa changu ndicho kilichovimba. Maana mkono wenyewe haukuwa na msimamo. Leo unashika, kesho unakataa. Tena kushika ulijua, kuachia ulikuwa umesahau. Ukishika ukili, tulivifungua vidole kimoja kimoja kama kumenya ndizi mbichi.

Alhamisi moja sikusikia kengele. Muganga akatukuta hivyohivyo: mkono wa kushoto umefungwa kiunoni, wanawake sita, mtoto katikati ameshika ukili.

"Nani amefunga mutoto?"

Wale wanawake sita wote wakawa na kitu cha kutafuta chini ya mkeka.

"Ni mimi," Mama akasema.

"Na mimi," nikasema.

Muganga akaja kuunyang'anya ukili auweke pembeni. Akauvuta, ukakataa. Akavuta tena, mtoto mzima akamfuata. Muganga akachuchumaa, akauangalia ule mkono muda mrefu, jasho likimtiririka. Kisha akakifungua kile kitambaa cha kushoto, taratibu, akasema, "Mutoto si mbuzi. Musimufunge tena." Akageukia wa kuume. "Onyesha tena."

Wote tukangoja. Mkono haukuonyesha kitu.

"Mukono hii iko na uongo," akasema, "sawa na nyinyi." Akapanda baisikeli akaenda, na mpaka leo sijui kama alikasirika au alikuwa anaficha furaha.

Idi ikafika. Dada alikuja siku moja kabla, na kamio, vumbi mpaka kwenye kope. Mtoto hakulala, alinigonga kwa goti usiku kucha. Asubuhi nikamvika gauni, nikamnawisha mikono yote miwili, ule wa kuume nikausugua zaidi, kama rushwa.

Sinia ya watoto ikaletwa, wali na nyama ya mbuzi. Mama akasimama juu yake. "Leo mjukuu wangu atakaa," akasema. Nikamsogezea nafasi. "Lakini kwa mkono wa kuume. Kama wenzake."

Akakaa. Akasema bismillahi vizuri. Kisha akauangalia mkono wake. Watoto wakauangalia. Dada akauangalia, na Mama, na mimi, na jirani Mkristo aliyekuja kula Idi kama kila mwaka. Macho yote yale, mkono gani utainuka? Ukajikunja zaidi. Machozi yakaanza kumjaa mtoto, na aliniangalia mimi, si mwingine, mimi mwenye ahadi zangu. Niligeuka kutafuta kuku. Kweli kabisa. Niliangalia uwanjani kama yupo kuku karibu nimtupe kwenye sinia.

Kuku hakuwapo. Lakini alikuwapo mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka kumi ambaye tumbo lake linajulikana mpaka sokoni. Yeye alikuwa amechoka kungoja. Akapeleka mkono upande usio wake, akachukua nyama iliyokuwa mbele ya mtoto wetu, ile nzuri yenye mfupa.

Mkono wa kuume ukatoka ukamdaka kifundo cha mkono.

"Aii! Niachie!"

"Siwezi!" mtoto akasema, machozi bado yako shavuni, na akaanza kucheka. "Siwezi kuachia!"

"Niachie, mwizi wee!"

"Mwizi ni nani?" jirani akapiga kelele. "Kamata yeye, nyanya wangu!"

Mvulana anavuta, sinia inateleza, sisi wakubwa tunacheka na kulia pamoja. Na katika fujo ile mkono wa kushoto, ambao hakuna aliyekuwa akiuchunga, ukaenda, ukaitoa ile nyama kwenye vidole vya mvulana, ukaitia mdomoni.

Kicheko kikakatika. Mtoto alikuwa ametafuna mara moja. Akasimamisha taya. Wote tukamgeukia Mama.

Mama aliangalia wa kushoto. Aliangalia wa kuume. Akarudi kwa wa kushoto. Nilimwona anatafuta njia, kama mtu anayetafuta mawe ya kuvukia mto.

"Mkono wa kuume uko na kazi," akasema hatimaye. "Umeshika mwizi. Basi, kula, mjukuu wangu."

"Na mimi?" mvulana akalia. "Mimi nitakula na nini? Wa kuume wangu ameushika!"

"Wewe unao wa kushoto?"

"Ninao."

"Ukiutia kwenye sinia yangu nitaukata. Ngoja hapo hapo."

Toka siku ile ikawa ndiyo sheria ya nyumba: mtoto anakaa kwenye sinia na wote, mkono wa kuume upewe kazi, na wa kushoto ule. Kazi yenyewe ilikuwa kushika ukingo wa sinia isiteleze. Siku nyingine ulishika kweli; siku nyingine tuliuweka tu hapo juu na Mama akajifanya haoni.

Alhamisi muganga akaja, akamkuta anakula. "Si nilisema ya kushoto?" akauliza.

"Na mimi si nilisema wa kuume?" Mama akajibu.

Wakanigeukia wote wawili, nikate shauri. Nikasema ninakwenda kuteka maji.

Siku ya dada kuondoka na mtoto wake, kamio inanguruma, akanivuta pembeni. "Wewe ndiye uliyemwangalia. Huko Kabambare nifanye nini na mkono huu?"

Nilikuwa nimeingoja saa hii. Nilikuwa nimeiota na aproni yake. "Usiuamuru," nikaanza. "Uupe... siyo kwamba usiuambie kitu. Lakini ukiuambia, usiuambie wenyewe. Na usiuangalie. Yaani uuangalie, lakini..."

"Sielewi."

"Mimi pia," nikasema.

Nikakimbia uwanjani. Yule kuku mwekundu alikuwa amefungwa mguu kwa kile kipande cha kanga, Mama alikuwa amekipatia kazi hiyo. Nikamfungua, nikamrushia mtoto pale juu ya magunia, na kamio ikaondoka.

"Kuku wangu!" Mama akapiga kelele nyuma yangu.

Mabawa yalikuwa yanapiga, mtoto anacheka kwa sauti, na mkono wa kuume umemkumbatia kuku kifuani. Nilisimama barabarani nikipunga mpaka vumbi likafunga njia. Sikuweza kujua kama alikuwa amemshika kwa kutaka, au ameshindwa kumwachia.