Wifi Alipiga Nyimbo za Mwanangu Mbele ya Wageni

Admin, jina langu libaki kwako tu. Ndugu za mume wangu wamo humu, wakijitambua basi wajitambue, mimi nimechoka kumeza.

Nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani hapa Shelui, nimeolewa na sina mtoto. Nisiseme sina. Mwaka juzi nilijifungua binti, akaishi usiku mmoja, akaenda. Tulimzika nyuma ya nyumba ya wakwe. Maziwa bado yananitoka, nguo imelowa kifuani, mama mkwe akaniambia, "Hapa hatuombolezi kitoto cha siku moja. Jifunge kanga ukapike, watu hawajala." Nikajifunga, nikapika ugali wa watu walionizikia mtoto.

Sasa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ana saluni Singida mjini. Ndiye aliyefungua akaunti ya muziki ya kulipia, akatupa nywila familia nzima. Siku ananiwekea kwenye simu alinikumbatia akasema, "Wifi, na wewe ni wa kwetu, sikiliza mpaka uchoke." Nilifurahi jamani, siwezi kusema uongo. Wakati wa mimba nilikuwa nimehifadhi humo nyimbo za kubembeleza watoto. Mtoto alipofariki sikuzifuta. Nilikuwa nashona sare za shule dukani kwangu, nimeweka spika za masikioni, nazisikiliza. Wateja wakidhani nasikiliza kwaya. Hapo ndipo nilipokuwa nalia, maana nyumbani nilikatazwa.

Kumbe ukisikiliza kitu sana, ile akaunti inawaletea wote. Wifi yupo saluni na wateja wake, anapiga Bongo Fleva, mara unaingia wimbo wa kulaza mtoto. Akaandika kwenye grupu la familia, "Nani anasikiliza huu utoto? Mnaniaibisha kazini!" Nikasoma, nikaendelea kushona. Mume wangu jioni akaniuliza, "Ni wewe?" Nikamwambia ndiyo, nikamweleza yote, hata kulia kwangu dukani. Akanishika bega akasema, "Pole mke wangu, haya yaishe hapa hapa." Nilimwamini.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yao alipata kipaimara, sherehe ikafanyika kwa wakwe. Nilifika tangu alfajiri, nimepika pilau, nimeosha masufuria, nimewahudumia watu mpaka mgongo unauma. Wifi ndiye aliyeshika muziki, simu yake imeunganishwa kwenye spika kubwa, kipaza sauti mkononi. Watu wameshiba, wanacheza. Ghafla akakata muziki akasema, "Jamani, kuna mtu hapa hajapigiwa wimbo wake. Wifi yangu mpishi, njoo katikati!"

Nikatoka jikoni nafuta mikono, natabasamu. Nikadhani wananishukuru kwa chakula.

Ukaanza ule wimbo. Ule niliokuwa namwimbia binti yangu akiwa tumboni. Wifi akabeba mto wa kochi kama mtoto, anaubembeleza, anazunguka nao, anasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ndiye anayeniharibia muziki saluni! Anabembeleza hewa! Wifi, mlete mtoto basi tumwone!" Watu wakacheka. Wengine hawakujua wanacheka nini, lakini walicheka. Mama mkwe naye kwenye kiti chake akasema kwa sauti, "Wenzake wanazaa, yeye anazaa nyimbo." Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinamia sahani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anacheka.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka nimeng'oa waya wa spika, kisha nikamnyang'anya wifi ule mto nikautupa nje. Nikaondoka kwa miguu na aproni yangu, sikumuaga mtu.

Mume wangu aliporudi hakuniuliza kama niko salama. Alisema, "Umenidhalilisha mbele ya ukoo." Nikamuuliza, "Dada yako alijuaje ni mimi? Nilikwambia wewe peke yako." Akavua viatu taratibu akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia apige. Nilijua ukichekwa mara moja utaacha huo ujinga. Dawa chungu ndiyo inayoponya."

Kesho yake nafungua simu dukani, nimetolewa kwenye akaunti, nywila imebadilishwa. Nikampigia wifi nimuombe hata ule wimbo mmoja. Akajibu, "Hiyo ni ya familia, dada." Siyo wifi tena, ni dada. Nilipoenda kwa mama mkwe nikapiga magoti nikamwambia shikamoo, aliendelea kuchambua mchicha kama vile hakuna mtu mlangoni.

Wamekaa kikao bila mimi. Wanataka niende Jumapili baada ya ibada nimpigie wifi magoti, mbele ya watu walewale. Mume wangu amesema nisipokwenda, nifungashe. Mama yangu mzazi, aliyeko Mitundu, ananiambia, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, piga magoti yaishe."

Kuna jambo ambalo hata mama sijamwambia. Juzi nilipima. Nina mimba. Nikiwaambia, najua watanibeba juu juu, mama mkwe ataitikia shikamoo yangu, na habari ya kupiga magoti itaisha. Lakini nikifumba macho nawaona wakicheka, na yeye anacheka nao. Nikinyamaza nikaondoka, mtoto anakosa baba, na mimi nina cherehani tu.

Ndugu zangu, mliozaa na mliozika, niambieni. Hii mimba niitangaze Jumapili mbele yao, au niibebe niondoke nayo kimya? Nifanye nini mimi?