Diski Iliyofukizwa Ubani

Mume wangu Hashiru hafungui diski mpaka mvua inyeshe. Ukimletea yako mwezi wa nane, wakati malori ya bandari kavu ya Kwala yanatimua vumbi lote la Mlandizi na kulimwaga kwenye vibanda vyetu, atakuambia kwa ule upole wake unaoniudhi, "Tusubiri mvua, ndugu yangu." Mteja ananuna, halafu anakuja kulalamika kwangu, kibanda cha miwani kilicho jirani, kana kwamba mimi ndiye ninayefungia mawingu. Nami nina mdomo. Namwambia kama ana haraka akaifungulie diski yake katikati ya barabara.

Lakini sababu naijua. Ndani ya diski kuna sahani inayong'aa kushinda kioo cha kujitazamia, na juu ya sahani kuna utando wa sumaku, mwembamba mno, ambao ndio unashika picha, sauti na harusi za watu. Kichwa kidogo cha kusomea kinapita juu ya utando huo bila kuugusa, karibu kiasi kwamba hata moshi hauna pa kupenyea. Punje ya vumbi ikiingia hapo, kwa kichwa kile ni jiwe la barabarani.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kazi yangu kusaga lenzi na kuzitia kwenye fremu. Siku ya kwanza Hashiru alikuja kibandani kwangu kuomba kitambaa laini cha kufutia. Nilikuwa nimeshika lenzi juani, ile yenye rangi ya kijani inayopita kama mgongo wa nzi. Akauliza imepakwa nini. Nikamwambia ni utando, tabaka juu ya tabaka, unapakwa kiwandani ndani ya mtungi uliotolewa hewa yote, na kazi yake ni kuzuia mng'ao ili nuru ipite isirudi, mtu aone vizuri na macho yake yaonekane. Akaondoka na kitambaa chake. Kesho yake akarudi na sahani ya diski mkononi, akasema na huu ni utando vilevile, ila wa kwake unakumbuka. Nikajiona humo uso mzima, mpaka kipele cha kidevuni. Wenzangu walitongozwa kwa chipsi kuku, mimi nikatongozwa kwa diski iliyokufa, na nikakubali.

Sanduku la kufungulia diski alilibuni mwenyewe. Ni tangi la kioo la kufugia samaki, amelilaza ubavu, mdomo wake akauziba kwa ubao wenye matundu mawili ya kuingizia mikono iliyovaa glovu. Feni ya kompyuta inasukuma hewa ndani kupitia chujio. Kwanza alitumia chujio la gari, likawa linapitisha vumbi. Akahangaika msimu mzima, anajaribu hili na lile, mpaka akapata la mashine ya kufyonza vumbi. Siku ya kazi anaoga, hapaki poda, anavaa shati la nailoni lisilotoa nyuzi, na mimi napigwa marufuku kukaanga samaki. Nyumba nzima inakuwa na mwiko kama ya mganga.

Na chanuo lake la kunyanyulia vile vichwa vya kusomea visikwaruze sahani tulilibuni wawili, asije akakudanganya. La bati lilikwaruza, la karatasi likaacha nyuzi. Nikamwambia lete hapa. Nikachukua vipande vya lenzi za plastiki vilivyobaki, nikavisaga kwenye mashine yangu mpaka vikawa vyembamba na laini, kimoja baada ya kingine. Kilichofaa nilimtilia mfukoni bila kusema neno, na alipokijaribu alikuja kunitazama tu mlangoni, anacheka peke yake. Hayo ndiyo mahaba yetu.

Sasa mama yake. Bi Kudra, Mzaramo asilia, anaishi Msimbu, Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho yake. Mwaka juzi nilimtengenezea miwani, nikaitia lenzi zenye utando wa kuzuia mng'ao, nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Alipojitazama kioo akasema nimemwibia, fremu haina vioo. Nikacheka, nikamwonyesha kwa kidole kuwa vipo. Baada ya miezi michache akairudisha, haoni nayo kitu. Lenzi zimechubuka kama sufuria ya shule. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaziosha kwa majivu, anasugua na kusuuza, kwa sababu ni zawadi ya mkwewe na hataki zikae chafu. Nilitaka kupasuka. Lakini mama mkwe hafokewi. Nikameza, nikasaga nyingine, nikampa na kitambaa laini, nikamfundisha: pulizia pumzi, futa taratibu, usikandamize. Ndivyo alivyo yule mama. Akipenda kitu, hukisugua.

Hashiru alikuwa na mdogo wake, Maneno, mpiga video za harusi. Alifariki kwa homa ya ghafla, hajaoa, hajaacha mtoto. Alichoacha ni kamera mbovu na diski moja ya mkononi yenye kazi zake. Picha yake hakuna aliyekuwa nayo ya maana, maana mpiga picha hajipigi. Ila mama alijua kwamba sauti yake imo, kwa kuwa Maneno alikuwa haachi kusema nyuma ya kamera. Akaitunza diski ile sandukuni pamoja na shati na kofia yake. Kutaka kwake ni jambo moja tu, alisikie neno la mwanawe mara nyingine kabla na yeye hajaondoka.

Aliposhindwa kuvumilia alimwita Kitwana, mtoto wa mdogo wake wa kike, mkulima wa jirani mwenye kompyuta. Kitwana akachomeka. Diski ikatoa mlio mwembamba, ikanyamaza. Tangu siku ile Bi Kudra akaamini Kitwana ndiye aliyeiua. Hakumtukana, alifanya kibaya zaidi. Kitwana akipita asubuhi akisema shikamoo, mama anatazama mihogo yake. Mtu mzima na ndevu zake anatoa shikamoo kila siku na haijibiwi. Fikiria mwenyewe.

Diski ikaletwa Mlandizi. Tukasubiri mvua, na safari hii sikulalamika. Iliponyesha na vumbi la barabara likalala, Hashiru akaoga, akavaa nailoni yake, akaingiza mikono kwenye sanduku. Alipoinua kifuniko tu akasimama. Feni ikasukuma harufu hadi kwangu mlangoni. Ubani.

Hatukuhitaji kuulizana. Kila Alhamisi jioni Bi Kudra hutoa sandukuni vitu vya marehemu, akawasha chetezo, akafukiza shati, akafukiza kofia. Na diski nayo alikuwa anaiweka juu ya moshi, anaigeuza huku na huku ipate pande zote. Diski ina kitundu cha kupumulia. Moshi ulikuwa unaingia na utomvu wake, wiki baada ya wiki, miaka, mpaka vichwa vikanata kwenye sahani kama miguu ya nzi kwenye asali. Kitwana alipoichomeka ilikuwa imeshanata zamani.

Hashiru akaendelea na kazi hivyohivyo. Anazungusha sahani polepole kwa kidole, anasukuma chanuo letu chini ya kichwa, anangoja, anasukuma tena. Kosa moja na utando unachunika, na Maneno anaondoka nao. Mimi nilikaa kwenye stuli nikasoma dua zote ninazozijua na moja niliyotunga. Kichwa kikaachia. Akafunga kifuniko, akaunganisha waya, diski ikazunguka kwa sauti mbovu, ikatoa ilichoweza kutoa kabla haijafa kabisa. Mafaili mengi yalitoka nusu. Moja lilitoka zima, nalo Hashiru hakulifungua. Alisema hawezi kuisikia sauti ile kabla ya mama yake.

Ugomvi wetu ulianza hapo. Hashiru alitaka tumpelekee mama sauti, basi, ya ubani tuyafukie. Akaniuliza mtu anaanzaje kumwambia mama yake kwamba mkono wake ndio ulioua. Nikamuuliza na Kitwana je, azeeke bila kujibiwa shikamoo? Na nakala mpya tutakayomwachia, ikifukizwa Alhamisi ijayo? Akaweka kichwa mikononi. Alisema atamvunja moyo. Mimi nilimpenda kwa hilo na nilitaka kumzaba kofi, vyote pamoja.

Tulikwenda Msimbu kwa pikipiki, kompyuta nimeikumbatia kifuani. Njia nzima nilikuwa nawaza. Mimi kwa Wazaramo ni mtani, hiyo ni haki yangu tangu enzi za mababu. Kwenye msiba wa Maneno mimi ndiye niliyebeba kamera yake mbovu, nikachuchumaa kama yeye, nikawaambia waliaji wasogee, wanaziba jeneza lisitokee vizuri. Watu walicheka na kamasi zao, na Bi Kudra alicheka pia, mara moja, akapata nguvu ya kunywa uji. Mtani anaruhusiwa kusema kile ambacho ndugu akikisema ni tusi. Tatizo ni kwamba mtani huyu ni mkwe pia, na mkwe anatembea ameinamisha macho.

Tulimkuta barazani. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba, habari za safari. Hashiru akaanza kutoa kompyuta haraka haraka, najua alitaka aniwahi. Nikamwomba mama kwanza Kitwana aitwe. Uso ukamkunjika, lakini akaita. Kitwana akaja akasimama mbali, kwenye mkorosho, akatoa shikamoo yake. Haikujibiwa.

"Mama," nikasema, "leo naomba nivue ukwe kidogo, nivae utani."

Akanitazama juu ya miwani. Hashiru alikuwa anatikisa kichwa nyuma yake.

"Vaa, mtumwa wangu," akasema, naye kwa lugha ya utani.

"Nyie Wazaramo mapenzi yenu ni ya moshi. Mmemfukiza Maneno kila Alhamisi mpaka kapaliwa. Mtu kapaliwa atasemaje? Ndiyo maana alinyamaza. Hashiru kamfungua kamkuta ananuka ubani kama bibi harusi. Kitwana hana kosa, mama. Mwanao alikuwa anakohoa tu."

Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningezaliwa bubu. Bi Kudra aliitazama mikono yake, akaigeuza. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua ni kilio au kicheko mpaka aliponyanyua uso, vikawa ni vyote viwili. Akasema tangu utoto Maneno alikuwa hapatani na moshi, alikuwa akikimbia jikoni. Akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Kitwana," akaita, "marahaba. Na zile zote za nyuma."

Kitwana akaja akakaa kwenye ngazi karibu na miguu ya mama yake mkubwa, mtu mzima na ndevu zake.

Hashiru akafungua faili. Haikuwa harusi. Ilikuwa baraza hilihili, na Bi Kudra mwenye mashavu, anamenya mihogo juani. Miwani yake ya zamani, ile ya kioo kitupu kisicho na utando, ilikuwa imeshika jua, pale penye macho kuna duara mbili nyeupe. Halafu sauti ikaja kutoka nyuma ya kamera, karibu kabisa, kama mtu aliyekaa katikati yetu.

"Mama, geuka kidogo. Miwani inamulika, sikuoni macho."

"Basi niletee isiyomulika," akasema yule mama wa kwenye kompyuta, hata hakuinua kichwa.

"Nitakuletea, mama. Nikipata kazi Kibaha nitakuletea. Haya, geuka nikuone."

Picha ikaishia hapo, ikaganda. Mimi sikuwahi kujua. Wallahi sikuwahi kuambiwa na mtu habari ya ahadi ile. Nilimwekea lenzi zile kwa kuwa ndizo nzuri nilizokuwa nazo.

Bi Kudra hakulia. Alivua miwani yake, akatoa kifuani kile kitambaa laini nilichompa, akapulizia pumzi, akafuta taratibu, hakukandamiza. Akaivaa. Akasogeza kigoda mpaka uso wake ukawa karibu na kompyuta, jua la jioni likimpiga sawasawa usoni, na macho yake yote mawili yanaonekana, mekundu, yamejaa.

"Ilishafika, baba," akaiambia. "Shemeji yako kaileta. Haya, nione."

Kitwana ndiye aliyenyoosha mkono akairudisha mwanzo, maana mimi na Hashiru tulikuwa hatuoni kitu.