Majina Chini ya Sweta

Baridi ile ya mwaka 1998, kila Jumamosi, mama mmoja mzungu alitandika meza yake kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, huko ughaibuni, mbele ya duka la makoti ya manyoya, akaomba sahihi ili biashara ya kuchinja paka na mbwa kwa ajili ya ngozi ipigwe marufuku. Mauwa akipita alimtazama kwa jicho la pembeni. Vidole vyekundu, bila glavu. Sauti ya chini, kama ya mtu anayeungama. Kilichomtia shaka zaidi ni ule mkono wa kushoto: mtu akishaandika jina tu, uliifunika karatasi na kuigeuza kifudifudi. "Muntu anakamata jina na adresse ya batu, kisha anafunika!" alimwambia Rolande, rafiki yake. "Bon, uyo ni wa polisi. Mambo ya paka ni kisingizio tu." Mauwa alitoroka kutoka Bukavu siku jina lake liliposomwa kwenye orodha ya watu wanaosakwa, na mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumamosi moja mwenye duka alitoka akitabasamu, akataka kuona ni jirani zake gani waliotia sahihi. Yule mama alizikusanya karatasi zote, akazisukumiza chini ya sweta, akafunga koti mpaka kidevuni. "Haya ni majina ya watu, monsieur," alisema, kwa sauti ile ile ya chini. Mwenye duka alipoondoka, Mauwa, aliyekuwa akitazama kando, alisogea, akaomba karatasi. Ilitoka na joto la tumbo. Jina aliandika lake, kamili. Anwani aliandika ya kanisa lake, si ya nyumbani.