Geti la Tatu

Nilipikia watu Dubai miaka sita, kisha nikarudi kwetu Michenzani. Gari langu nilimuuzia mwenzetu mmoja aliyebaki huko, mtu wa Fumba. Kule Dubai barabara za kulipia hazina kizuizi wala mtu wa kupokea pesa. Unapita tu chini ya geti, kamera inasoma namba ya gari, na simu inapata ujumbe. Akaunti ilibaki kwangu, kwa hivyo kila alipopita nilijua.

Mwaka huu alikuja likizo, akanitembelea alasiri moja. Tulikuwa tunakunywa chai simu ilipolia. Gari limepita geti la darajani, kule Dubai.

"Nani anaendesha?" nikamuuliza.

"Hakuna, dada. Nimeliacha chini ya jengo. Ufunguo huu hapa."

Akautoa mfukoni, akauweka mezani. Ujumbe wa pili ukaingia, geti jengine. Akampigia jirani yake wa kule, naye akashuka kuangalia. Gari lipo palepale, limejaa vumbi.

"Labda mtu kanakili namba," alisema, lakini sauti yake haikutulia. Mara ukaja wa tatu. Akausoma mara mbili. "Njia hii mie siipiti kabisa. Inakwenda wapi?"

Nikamwambia sijui. Nilijua vizuri. Ndiyo njia niliyokuwa nikiendea kazini, saa zile zile, geti baada ya geti, miaka yote sita.

Jioni ile niliifuta namba ya gari kwenye akaunti. Mpaka leo sijamwambia.